Kadi ya Harusi Ndani ya Injini: Kutoka Makorora Hadi Mwera

Safari hii niliifunga kwa sababu mbili, na zote zilitoka kwa mtu mmoja. Rukia, binti wa marehemu mdogo wangu Bakari, alikuwa anaolewa kijijini kwao Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, na mimi ndiye walii wake, wa kumwozesha. Bila walii hakuna nikahi. Pilau italiwa, lakini italiwa kama pilau tu.

Sababu ya pili aliniambia mwenyewe kwa simu, baada ya kuniamkia na kuniuliza habari za magoti yangu.

“Baba mkubwa, ile pikipiki ya baba bado ipo?”

“Ipo uani. Kuku anaitagia.”

“Basi njoo nayo. Nataka niisikie siku hiyo. Ukija na basi utakuwa umekuja wewe tu.”

Nilimwelewa. Bakari alikuwa mchuuzi wa nazi, na ile pikipiki yake nyekundu ilikuwa na mlio wa mtu anayekohoa huku akicheka. Rukia alipokuwa mdogo aliutambua kutoka mbali, akaacha sahani ya chakula na kukimbilia barabarani. Bakari aliugulia mjini Tanga, akafia nyumbani kwangu Makorora, Mwenyezi Mungu amrehemu, na pikipiki ikabaki uani kwangu miaka minne. Nikamwambia Rukia nitakuja nayo.

Jumatano nilimhamisha kuku, nikafuta vumbi, nikatia petroli. Alhamdulillahi, ikawaka. Lakini chini ya lile kava la injini la upande wa kulia ikaanza kudondoka oili nyeusi, tone baada ya tone. Muuza vipuri alinieleza kwamba gasketi, yaani ile karatasi nyembamba inayokaa kati ya kava na injini kuzuia oili, imekauka na kupasuka. Akanipa mpya, na tyubu ya silikoni, gundi ya kuzibia, juu yake.

“Lakini Maalim, mpelekee fundi,” akasema.

Sikumpelekea fundi. Nimefundisha madrasa miaka arobaini, na mirathi naigawa kwa kichwa hata marehemu akiacha wake wanne na deni. Sikuona bolti tisa zitanishindaje. Tena jioni ile, barazani kwetu, mbele ya wazee wenzangu na birika la kahawa, nikatamka maneno haya: “Jumapili nikirudi nitaitandika kanzu yangu ya Idi chini ya injini, na halitaanguka hata tone moja.”

Mzee Shomari, jirani yangu, ambaye husikia vizuri pale tu usipotaka, akauliza, “Hukusema inshallah, Maalim?”

“Nimesema kimoyomoyo.”

Sikuwa nimesema. Mola anisamehe mara mbili, kwa kutosema na kwa kusema nimesema.

Alhamisi asubuhi nikaanza kazi kwa bismillahi. Nilikinga oili kwenye beseni, nikafungua bolti zote tisa, nikaziweka kwenye kikombe cha chai. Kava likatoka. Gasketi ya zamani nikaikwangua kwa kisu cha jikoni cha mke wangu, jambo ambalo yeye alilijua kesho yake alipokata kitunguu. Nikasafisha kwa petroli mpaka chuma kikang'aa. Hadi hapo sikuwa na kosa, ukiacha la kisu.

Makosa yalianza kwenye kurudisha. Bolti zile hazikuwa za urefu mmoja. Nyingine fupi, nyingine ndefu. Nilizitazama zimelala mkekani, nikafanya nilivyozoea kufanya kila mwanzo wa mwaka wa madrasa. Fupi nikazitia mbele, ndefu nyuma. Zilipendeza sana. Silikoni nikaipaka kwa ukarimu, kama mtu anayemkaribisha mgeni wa mbali. Kisha nikaanza kukaza kutoka kulia, moja mpaka mwisho, ndipo nikaiendea ya pili, kwa kuwa nimezoea mambo kwenda kwa tartibu kama udhu.

Mke wangu, Bi Zaina, alikuwa pembeni anapalia wali, koleo la makaa mkononi.

“Mwalimu, mbona unabana upande mmoja? Makaa yakirundikwa upande mmoja juu ya mfuniko, huku wali unaungua na kule mbichi.”

“Bi Zaina, hii ni injini.”

“Na hii ni sufuria. Vyote vina mfuniko.”

Nikaendelea kukaza kutoka kulia. Wakati ule hilo niliita subira.

Ijumaa tuliacha silikoni ikauke. Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, tukatoka. Nilivaa kanzu nyeupe ya Idi, na kofia ngumu juu ya kofia yangu ya kushona, ikawa kichwa kimesimama kama birika. Bi Zaina alikaa nyuma kiupande, kapu la visheti pajani na kadi ya harusi mkononi. Kadi hiyo lazima niieleze. Watu wa upande wa bwana harusi walitaka ionekane, wakaichapisha kwa karatasi ngumu, kubwa, ambayo ukiikunjua inafunika meza ya kahawa. Haikuingia kapuni. Kila nilipoongeza mwendo ilikamata upepo, na pikipiki nzima ikaelekea kushoto.

“Si ungeiacha nyumbani!” nilipiga kelele.

“Mlangoni wakiniuliza kadi?”

“Utaulizwa kadi vipi, wewe mke wa walii?”

“Watajuaje? Nimeandikwa usoni?”

Tongoni, jua likiwa limeanza kupata nguvu, Bi Zaina akanigonga begani.

“Mwalimu, guu lako la kulia umelitawadhisha tena?”

“Ni umande.”

“Umande mweusi?”

Nikainama kutazama. Pindo la kanzu lilikuwa limelowa oili kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Nikasimamisha pikipiki. Chini ya kava palikuwa na tone, na nyuma yake tone lingine limejiandaa. Bi Zaina alishuka. Alifungua kapu, akatoa kisheti kimoja, akala polepole akitazama minazi.

Tuliendelea taratibu, nikiomba dua. Nilijua oili ikiisha injini hukaba, chuma kikashikana na chuma, na ikikaba, mlio alioungoja Rukia hautasikika tena, si siku ile wala siku nyingine.

Kigombe tulifika saa moja na nusu. Kando ya barabara, chini ya banda la makuti, palikuwa na kijana wa kama miaka thelathini, amechuchumaa anaziba pancha ya baiskeli huku simu yake inaimba kwaya. Aliinuka mara alipotuona.

“Shikamoo mzee. Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi?”

“Mimi ndiye, naitwa Elia. Baba alikuja huku kukata mkonge, mimi nikaona mkonge una miiba.” Akachungulia injini, kisha kanzu yangu. “Mzee, oili mmegawana nusu kwa nusu.”

Nikamweleza yote: harusi, marehemu, Rukia anayengoja mlio, nikahi baada ya adhuhuri. Elia akazima kwaya. Niliipenda heshima ile.

Alikinga oili iliyobaki, akafungua bolti. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasita. Akazipanga kiganjani, akanitazama.

“Mzee, nani alizipanga hizi?”

“Mimi.”

“Mbona fupi zote mbele na ndefu zote nyuma?”

Nikajibu kwa ukweli, kwa sababu mtu huzoea kusema ukweli asubuhi. “Ili wote waone ubao.”

Elia aliketi chini. Hakuketi kwa sababu ya kazi. Aliketi ili acheke vizuri. Bi Zaina naye akajifunika buibui usoni, na mabega yakawa yanamtikisika.

Alipopata pumzi akanielewesha, na aliyonielewesha nayaandika hapa kwa faida ya mwenye pikipiki na asiye nayo. Kila bolti ina tundu lake. Ukiitia ndefu kwenye tundu fupi, inagota chini kabla ya kulibana kava. Mkono unahisi imekaza, kumbe imekaza bure na kava linapumua. Ukiwa umezichanganya, ziingize kwenye kava kabla hujalirudisha: kila bolti ikikaa mahali pake, zote huchungulia upande wa pili kwa urefu mmoja.

“Yaani sawa kwa sawa,” nikasema, “kama vidole vya miguu kwenye safu ya swala.”

“Hayo unayajua wewe, mzee. Lakini ndiyo.”

Kisha akalivuta kava, na gasketi ikatoka na silikoni yangu yote, imepasuka vipande vitatu.

“Hii umeipaka au umeijengea?” akauliza. “Silikoni ikizidi, inaingia ndani na kuziba njia ya oili. Na gasketi ya pikipiki hii huku sina. Mpaka mjini.”

Nikalitazama jua. Kurudi Tanga na kuja tena, adhuhuri itatukuta njiani. Nikawaza Rukia amekaa ndani, anasikia mabasi yanapita.

“Twaweza kuikata,” Elia akasema. “Nikipata karatasi ngumu. Boksi halifai, lina mawimbi ndani. Nataka kitu kigumu, laini, cha unene mmoja.”

Akageuka huku na huku, macho yake yakatua juu ya kadi ya harusi.

“Hapana,” nikasema.

“Mzee, hiyo ndiyo yenyewe.”

“Mwanangu, juu pameandikwa bismillahi. Halafu bwana harusi anaitwa Abdulrahmani na babake Abdallah. Majina ya Mwenyezi Mungu hayaingii kwenye oili chafu, hata kama pikipiki italala hapa mpaka Idi.”

Elia hakubisha. Alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta, akaomba kadi aitazame. “Haya yote yako nusu ya juu,” akasema. “Nusu ya chini je?”

Nikavaa miwani, nikaisoma nusu ya chini herufi kwa herufi, kama ninavyosahihisha mbao za watoto. *Tafadhali fika mapema. Nikahi baada ya adhuhuri. Chakula saa saba na nusu mchana, inshallah.*

“Inshallah,” nikasema. “Hilo nalo lina jina la Mwenyezi Mungu.”

“Liko pembeni kabisa, mzee. Tulikate.”

Akanipa mkasi mimi mwenyewe. Nikalikata neno lile kwa utaratibu, kipande kidogo kama stempu, nikakitia mfuko wa kanzu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Shomari na kahawa yake. Jumatano neno hili nilikuwa nalo bure mdomoni nikalibania, na leo nalikata kwa mkasi Kigombe.

Elia akaitandaza karatasi juu ya mdomo wa kava, akawa anagonga pembezoni kwa nyundo ndogo, tik tik tik, na ukingo wa chuma ukaikata wenyewe. Matundu ya bolti aliyatoboa kwa kuweka gololi juu na kuigonga mara moja. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Kipande cha katikati kilipodondoka, Bi Zaina akakiokota.

“Hiki nipe mimi,” akasema. “Ndicho kilichoandikwa chakula.”

Kwenye duara lililobaki, maneno yaliyosalia yalikuwa *fika mapema*.

Elia akaichovya gasketi kwenye oili safi. Silikoni akapaka kidogo mno, kwenye kona mbili tu.

“Hiyo itatosha?” nikauliza.

“Hupakwa kama wanja, Mwalimu,” Bi Zaina akasema, “si kama chokaa.”

“Mama ni fundi?” Elia akauliza.

“Mimi napalia wali tu, mwanangu.”

Bolti akaziingiza zote kwa vidole kwanza, bila spana. Ndipo akashika spana, akakaza ya juu kulia kidogo, akaruka kwenye ya chini kushoto kidogo, akarudi juu kushoto, akashuka chini kulia. Akazunguka hivyo mara tatu, kila mara akiongeza kidogo.

“Huwezi kumaliza moja kabla ya nyingine,” alinieleza. “Ukibana upande huu mpaka mwisho, ule unanyanyuka.”

Niliona bila kugeuka kwamba Bi Zaina ananitazama.

“Sema,” nikamwambia.

“Sisemi kitu.”

“Sema tu, Bi Zaina.”

“Mimi? Hii si injini?”

Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya fundi na mbele ya mwenye pancha aliyekuwa bado anangoja baiskeli yake. Elia akarudisha oili aliyoichuja kwa kitambaa, akaijazia, akaiacha pikipiki itulie kidogo, kisha akaiwasha. Ikakohoa, ikacheka. Tukainama wote wanne kutazama chini ya kava. Pakavu.

“Harusini nibebee pilau,” ndiyo mapatano aliyotaka.

Saa tano kasorobo tulikuwa kwenye kivuko cha Pangani. Pikipiki ilisimama katikati ya watu, na mimi nikainama kuitazama kila baada ya pumzi tatu, mpaka abiria mmoja, mwanamke aliyebeba kuku wawili, akanihurumia.

“Mzee, pikipiki yako kavu. Anayevuja ni wewe.”

Ilikuwa kweli. Oili ya kwenye kanzu ilikuwa inashuka taratibu kwenye sandali.

Kutoka Bweni, ng'ambo ya mto, hadi Mwera nilijitahidi kuendesha kwa heshima ya walii, lakini kadi, iliyobaki nusu, haikukamata tena upepo na pikipiki ikaenda kama imefunguliwa. Tuliingia kijijini saa sita. Watoto wakatukimbilia, na wazee walioketi kwenye turubai wakasimama, wengine mikono vifuani. Hawakuwa wamesimama kwa ajili yangu. Walikuwa wameusikia mlio wa Bakari.

Shemeji yangu, Mwanahamisi, mama wa bibi harusi, alitoka mbio jikoni. Aliponifikia alilia, akaitazama kanzu, akaacha kulia.

“Shikamoo shemeji. Umeanguka?”

“Marahaba. Hapana, nimejifunza.”

Hapakuwa na kanzu nyingine ya kimo changu. Nikaswali adhuhuri kwa kikoi na shati la kuazima, kisha nikairudia kanzu ile ile kwa sababu ya heshima ya shughuli, nikageuza upande wa oili ukae ukutani.

Wakati wa nikahi ulipofika nilikwenda na mashahidi wawili mpaka mlangoni pa chumba cha bibi harusi, nikasimama nje ya pazia kumwomba idhini.

“Rukia binti Bakari, waniidhinisha nikuozeshe kwa Abdulrahmani bin Abdallah, kwa mahari mliyoafikiana?”

Kimya. Hilo ni la kawaida kwetu. Bibi harusi hajibu mara ya kwanza asije akaonekana ana haraka. Nikauliza mara ya pili. Kimya. Nikauliza mara ya tatu, na hapo ni desturi ajibu. Kimya. Mashahidi wakatazamana. Nje bwana harusi, kijana wa watu, akaacha kujipepea.

Kisha sauti ndogo nyuma ya pazia. “Baba mkubwa.”

“Naam mwanangu.”

“Uliizima upesi. Washa tena.”

Nikatoka. Nikapita mbele ya shehe, mbele ya wazee wa bwana harusi na sinia zao, kanzu nusu nyeupe nusu nyeusi, nikaiwasha pikipiki. Nikavuta mafuta, nikaiacha icheke kwa muda ambao Bakari angetumia kufunga mzigo wa nazi. Nilipokuwa nimesimama pale nilichungulia chini ya kava. Pakavu, ndugu zangu. Nikarudi mlangoni bila kuizima.

“Nimekuidhinisha,” akasema Rukia, na sauti yake ilisikika vizuri juu ya mlio.

Jumapili asubuhi tulianza safari ya kurudi. Kigombe tulimkuta Elia anatoka kanisani, suruali imenyooshwa, akala pilau amesimama huku ameliinamia kava. Alipitisha kidole pembeni mwake, akanionyesha: kidole safi. Kisha akaniambia nisilifungue mpaka nipate gasketi ya dukani, na siku hiyo nimwite yeye, au nimwite mama.

Alasiri tulikuwa Makorora, na baraza ilikuwa imejaa kuliko siku zote. Ahadi ni ahadi. Nikaivua kanzu ya Idi, nikabaki na shati na kikoi, nikaitandika chini ya injini. Wazee wakaitazama, wakatazamana.

“Maalim,” Mzee Shomari akasema, “kanzu hii ina oili mpaka kwenye kwapa. Tone jipya tutalijuaje?”

Mlango ukafunguka. Bi Zaina akatoka na kitambaa chake cheupe cha meza, kile anachokitandika wageni wakubwa wakija, kile ambacho mimi mwenyewe siruhusiwi kulia chakula juu yake. Akaiondoa kanzu kwa vidole viwili, akanikabidhi, akakitandaza kitambaa chini ya injini, akakinyoosha kona nne, akaingia ndani.

“Kwa hiyo Maalim,” Mzee Shomari akasema, “hakitaingia doa?”

Nikatia mkono mfuko wa kanzu, nikatoa kile kipande kidogo kama stempu, nikakiweka kiganjani pake. Akakisogeza mbali na macho, akakisoma, akanirudishia kwa mikono miwili.

Tukangoja tukinywa kahawa mpaka adhana ya magharibi. Kwenye kitambaa palipatikana doa moja tu, nalo halikutoka kwenye injini. Lilitoka juu, kwa kuku wangu, aliyekuwa amerudi kwenye kiti cha pikipiki bila hodi. Nilimwita Bi Zaina aje ashuhudie mwenyewe. Alikiinua kitambaa, akakigeuza, akatazama injini, akamtazama kuku.

“Gasketi nzima,” akasema, “alhamdulillahi. Huyu naye mtafutieni yake.”

Nimejifunza kwamba bolti si wanafunzi, kwamba mfuniko hukazwa pande zote kidogo kidogo, na kwamba hilo la pili lilikuwa linajulikana jikoni kwangu tangu Alhamisi. Kisu cha vitunguu nimenunua kipya. Pikipiki iko uani, kavu, na kila Ijumaa baada ya swala humpigia Rukia simu, nikaiwasha, nikaiweka simu karibu na kava.